Viroba 40 vya udongo wa msitu: sio feki, umesusa maji tu (nyota 3 kati ya 5)

Jamani nimechelewa kuandika hii kwa makusudi, nilitaka kwanza hasira ziishe, maana ningeandika ile wiki ya kwanza ningempa jamaa nyota sifuri na maneno ya kwenye kilabu cha pombe juu yake, na kumbe ningekuwa nimemuonea. Kwa hiyo tulieni, ni ndefu kidogo.

Mi nina kitalu cha miche hapa Tabora, nje kidogo ya mji njia ya kwenda Sikonge, sio kitalu cha kutisha, ni viriba (vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche) elfu mbili tatu kwa msimu. Mikaratusi ndio inayolipa, watu wa tumbaku wanataka kuni za mabani yao ya kukaushia na miombo imeshasogea mbali, alafu msimu huu nikapata oda ya mtu anataka miti ya asili, mkongo na mninga, nikasema haya sasa na mimi nimekuwa mkubwa. Udongo wangu wa zamani nilikuwa naokota okota tu, huku toroli mbili huku tatu, safari hii nikaona ninunue wa maana. Kuna jamaa anauza udongo wa msitu kwenye viroba, simtaji jina na wala msiniulize inbox, kiroba kimoja 2,500, nikachukua 40, laki moja taslimu, na 15,000 ya guta hadi mlangoni. Ilikuwa mwisho wa Septemba, kile kipindi ambacho hapa kwetu hata mbwa anatafuta kivuli cha nguzo ya umeme.

Nianze na mazuri. Viroba vilikuwa vimejaa kweli, sio vile vya kufungwa juu kwa juu ukifungua unakuta robo tatu. Mawe hamna, mizizi kidogo tu, rangi kahawia iliyoiva, mwepesi, ukiushika unasema huu ndio wenyewe. Na aliwahi, aliniambia saa nne saa nne akafika, kwa Tabora hiyo peke yake ina nyota yake.

Basi tukachanganya kama kawaida, udongo wa msitu tatu, mchanga mmoja, samadi moja, tukajaza viriba mia sita. Mia nne tukahamishia miche ya mikaratusi iliyokuwa kwenye tuta la kusia, mia mbili tukapanda mbegu za mkongo, zile mbegu nyeusi zina kikofia chekundu kama shanga za bibi harusi, na zile mbegu sio za bei rahisi ndugu zangu. Tukamwagilia. Asubuhi keni, jioni keni.

Siku ya nne kijana wangu wa kitalu ananiita, "Mama, njoo uone, maji tunamwaga mengi kuliko mwaka jana, chini hapa ni tope, lakini miche inalala." Nikaenda. Kweli chini ni tope, viatu vinabaki, na miche imelala kama haijaona maji tangu izaliwe. Nikachukua kiriba kimoja nikakipasua na wembe kuanzia juu hadi chini. Juu kabisa kulikuwa na ukoko wa unyevu unene wa kucha, pembeni kote kwenye plastiki kumelowa, na katikati, pale mizizi ilipo, vumbi. Sio udongo mkavu, VUMBI, nikapuliza likaruka likaniingia machoni. Yaani maji yalikuwa yanashuka kati ya udongo na plastiki kama mtu anayepita pembeni ya foleni, yanatokea kwenye matundu ya chini, sisi tunaona yanatoka tunasema ah imeshiba hiyo.

Wazo la kwanza lililonijia, nimeuziwa udongo wa gereji. Nikampigia. "Kaka, huu udongo wako umemwagikiwa oili?" Akacheka kwanza, alafu akaona sicheki. "Dada, huo nimeuchota mwenyewe kwa koleo, shambani kwa mjomba, wamefyeka miombo wanalima tumbaku, oili itoke wapi kule?" Nikamwambia basi njoo uone. Na alikuja, siku hiyo hiyo, na pikipiki yake, hilo nalo liandikwe. Akamwaga maji mkononi juu ya udongo, maji yakajikunja yakawa vidonge, vikabiringika juu vikijipaka vumbi kama visheti vinavyovingirishwa kwenye sukari. Akabaki ameshika kiuno. "Dada hii mi sijawahi kuiona."

Aliyewahi kuiona ni mzee jirani yangu, babu mmoja mfuga nyuki, ana mizinga yake ya magome huko porini tangu enzi hizo, alikuwa amekuja kuomba moto wa kuwashia sigara. Akachungulia kwenye kiriba akasema, "Mjukuu wangu, huo haujaharibika, umesusa. Udongo wa msituni ukikaukiwa sana unasusa maji, hata mvua za kwanza kule unaziona zinakimbia tu juu ya ardhi zinaacha chini kukavu, mpaka ubembelezwe." Nikaona mzee anapiga hadithi. Usiku nikakaa na simu nikaanza kusoma, na asee, mzee alikuwa sahihi kuliko mimi na jamaa wa viroba tukiwekwa kwenye mizani pamoja.

Sasa niwaambie nilichoelewa maana bila hiki rivyuu haina maana. Punje ya mchanga yenyewe inapenda maji, haina ugomvi. Shida ni kinachoipaka. Majani ya miti ya kwenye misitu mikavu yana nta, ndio yanavyojikinga na jua, kiangazi yanapukutika, yanaoza polepole, ile nta inabaki inajipaka kwenye punje utando mwembamba ambao huuoni. Fikiria sufuria uliyokaangia chipsi alafu ukaisuuza na maji baridi bila sabuni, maji yanakaa matone matone hayashiki, ndio hivyo hivyo, ila ni mabilioni ya visufuria vidogo. Na mchanga ndio unaumia zaidi kuliko mfinyanzi kwa sababu punje zake ni kubwa, eneo la kupaka ni dogo, nta kidogo tu inatosha kuzifunika zote.

Alafu kuna wenyeji wa humo ndani. Fangasi. Hapa ndio nilipobadilisha mawazo kabisa kuhusu huu udongo. Kuna mabonge bonge ndani ya viroba nilikuwa nayatupa nikidhani ni uchafu, siku hiyo nikalivunja moja taratibu juani, ndani kumejaa nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui zimeshika punje za mchanga zikawa bonge. Hizo ndio uyoga wenyewe, huu tunaoununua barabarani mvua zikianza ni tunda lake tu, mwili wake uko chini mwaka mzima. Na fangasi wengi wanatengeneza protini ya kuzuia maji inaitwa haidrofobini, wanaivaa kwenye nyuzi zao kama koti la mvua ili waweze kutoka kwenye unyevu kwenda hewani bila kunaswa na maji. Wanasayansi waliijua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuchunguza Schizophyllum commune, kile kiuyoga kidogo cha kijivu chenye manyoya kinachoota kwenye magogo, mtakuwa mmekiona sana tu mkadhani ni cha bure.

Kwa hiyo ile ile kitu niliyokuwa nailalamikia ndio niliyoilipia. Miti ya miombo, mtundu, muba, na huyu mkongo wangu, inaishi kwa mkataba na fangasi kwenye mizizi, mti unatoa sukari, fangasi anatafuta maji na madini mbali kule mizizi isikofika. Misonobari ilipoletwa Afrika mwanzoni ilidumaa sehemu nyingi mpaka ulipoletwa udongo wenye fangasi wake. Ndio maana wenye vitalu tunahangaika na udongo wa msitu badala ya kuchota tu nyuma ya nyumba. Nilitaka udongo wenye uhai, nikaletewa wenye uhai, ila umekaushwa hadi wenyeji wamevaa makoti na kufunga milango.

Tabia yenyewe ina kizingiti pia. Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha tabia hii inajificha huioni kabisa, unakunywa maji vizuri tu, ukikauka kupita kiwango fulani inarudi. Sasa jamaa viroba vyake alivipanga nyuma ya nyumba pembeni ya uzio wa mabati, juani, tangu Julai. Hapo ndio kosa lake lilipo na hapo ndio nyota ya kwanza ilipokatika.

Kuna kipimo cha nyumbani, bure kabisa, kinatumika hata na watafiti, unadondosha tone la maji kwenye udongo mkavu uliosawazishwa alafu unahesabu muda hadi lizame. Chini ya sekunde 5 udongo uko sawa, kuanzia 5 hadi dakika moja unasitasita, dakika moja hadi 10 umegoma, dakika 10 hadi saa nzima umegoma kweli kweli, ikizidi saa nenda kapike urudi. Nikachukua bomba la sindano la duka la dawa bila sindano yake, sahani ya bati, saa ya simu, nikaanza kupima kiroba kimoja kimoja, kijana wangu anaandika na mkaa ukutani. Majibu yalinishangaza kwa sababu hayakufanana. Kuna viroba tone lilizama kwa sekunde 3. Vingi vilikuwa vya sekunde 40, 50. Alafu kuna viroba kama tisa hivi ambavyo tone lilikaa dakika 14, limekaa pale juu linang'aa kama jicho la samaki, na mwishowe sijui hata lilizama au lilikauka tu na joto.

Nikamuuliza jamaa, hivi viroba tisa umechota wapi? Akafikiria. Kumbe ni pale walipokusanya matawi wakachoma wakati wa kufyeka. Sehemu nyingine alichota palipokuwa chini ya miti kabla haijafyekwa, na vile vizuri vya sekunde 3 vilitoka kule chini karibu na mbuga ambako udongo una mfinyanzi. Na moto nao una hesabu yake, joto likifika kama nyuzi 175 hadi 200 ile nta inayeyuka inajipaka upya na kushika zaidi, likipita 280 na kuendelea inaungua inaisha. Kwa hiyo juu kabisa kwenye majivu unaweza kukuta udongo unakunywa maji vizuri, chini yake sentimita chache ndio kuna tabaka limegoma, kwa sababu mvuke wa nta ulishuka ukapoa pale. Jamaa alifagia majivu ya juu akatupa, akachota lile tabaka la chini, akiamini kabisa ananichagulia safi. Nia njema, matokeo dakika 14.

Haya, nilifanyaje. Nilijaribu vitu vingi maana nilishalipa laki na siwezi kurudisha udongo uliokwisha changanywa na samadi yangu.

Kumwagilia zaidi ni kujichosha, nishasema. Nikaanza kuzamisha viriba kwenye mabeseni, maji yafike nusu ya kiriba, vilale humo usiku kucha. Hii ilikubali kwa vingi, asubuhi ukikipima mkononi kizito, lakini kwa viriba mia sita na mabeseni sita ni kazi ya adhabu, na vile vya udongo wa motoni vingine viliamka vikiwa bado vyepesi, nakwambia VYEPESI, kama havijalala majini.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko cha chai kimoja kwenye keni ya lita 20. Hii inafanya kazi hapo hapo unaangalia, tone lililokuwa limejikunja linalegea linazama kama limeitwa na mama yake. Niliitumia mara moja tu kwa mikaratusi iliyokuwa inakufa na iliiokoa mingi, kati ya mia nne nilipoteza themanini na kitu. Lakini sio suluhisho, ukiacha kiriba kikauke tena siku tatu tabia inarudi, na msije mkaweka sabuni ya unga ya kufulia, ile ina chumvi chumvi zake mizizi haiitaki. Muuza pembejeo mmoja mjini alitaka kuniuzia stika ile ya kuchanganyia dawa ya kupulizia, nikamwambia kaka hiyo imeandikwa ya majani mimi nina shida ya udongo, tukaachana salama.

Kilichonifurahisha ni kichuguu. Huyu ni yule babu tena, alisema changanya na udongo wa kichuguu, nikasema leo simbishii. Tone kwenye udongo wa kichuguu uliopondwa lilizama kabla hata sijabonyeza saa. Toroli moja ya kichuguu kwa sita za ule udongo mbaya, ukapondwe uwe unga, ukachekechwe, ukachanganywe vizuri, dakika 14 zikashuka zikawa kama sekunde 45. Sababu ni ile ile ya eneo la kupaka, gramu moja ya mfinyanzi ukiitandaza punje zake zote eneo lake ni mita za mraba kumi na zaidi, gramu ya mchanga haifiki hata mita moja, sasa nta kidogo ile itafika wapi, inakuwa kama kupaka nyumba nzima na kopo moja la rangi. Australia wakulima wa kule kwenye mashamba ya mchanga wanafanya hii hii kwa matrekta, wanachimba mfinyanzi chini wanautandaza juu ya shamba. Sisi mchwa wameshatuchimbia na kutupandishia, wametuwekea kwenye rundo kabisa, na tunaishia kufyatulia tofali. (Ila chukueni kichuguu kilichohamwa, mimi nilivamiwa na wenyeji, miguu yangu inajua.)

Na kilichonifundisha subira ni kulaza. Viroba vilivyobaki, kama kumi na mbili hivi vikiwemo vinne vya motoni, nilimwaga rundo kivulini chini ya mwembe, nikachanganya na samadi, nikawa nalowesha kidogo kidogo huku kijana anageuza na koleo, kidogo kidogo kweli sio kumwaga ndoo, tabaka unalowesha unachanganya, tabaka unalowesha unachanganya, nusu siku nzima. Nikafunika na turubai. Kila wiki tunageuza, tunanyunyiza, tunafunika. Wiki tano.

Kumbe wale vijidudu wanaogomesha udongo sio peke yao humo, kuna bakteria ambao hiyo nta ndio ugali wao. Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali kule Australia, waliwatoa kwenye udongo wenyewe, wengi ni wa jamii ya aktinomaiseti, na wakaona ukiweka chokaa kwenye udongo wenye asidi bakteria hao wanaongezeka na ugomaji unapungua. Lakini bakteria hao hawali chakula kikavu, wanataka unyevu, kwa hiyo udongo mkavu unabaki umegoma kwa sababu wa kula nta hawana maji, na maji hayaingii kwa sababu ya nta. Mtu lazima aingilie kati aanze kulowesha kwa nguvu, au mvua inyeshe mara nyingi mfululizo.

Chokaa sikuweka, nilikuwa na samadi na uvivu. Wiki ya tano nikapima. Sasa hapa nikajiuliza, si nitakuwa najidanganya, udongo una unyevu lazima upokee maji. Kwa hiyo nikachukua konzi kadhaa nikazianika juani siku tatu kwenye bati zikakauka kabisa, na pembeni nikaweka udongo wa motoni ambao niliuacha mkavu kwenye kiroba muda wote ule. Wa kwenye kiroba, dakika 14 vile vile, haujahama. Wa rundo, sekunde 20 na kitu. Nilimpigia simu jamaa kumwambia kama vile mtoto kafaulu darasa la saba.

Na harufu! Ule udongo ulipofika haukuwa na harufu yoyote, kavu tu, puani unasikia vumbi. Wiki ya pili nilivyofunua turubai ilinipiga ile harufu ya mvua ya kwanza, ile ambayo wajawazito wanaitamani hadi wanakula udongo. Ile harufu inatengenezwa na hao hao aktinomaiseti, hasa Streptomyces, kitu chenyewe kinaitwa jiosmini. Sasa hivi nikinunua udongo nalowesha konzi moja nasubiri kidogo nanusa, usiponinukia mvua sikupi hela.

Kingine, na hiki kiliniuma kwa sababu kiko karibu na sisi na sikuwahi kukisikia shuleni. Kuna mtafiti aliitwa Birch, H. F. Birch, alikuwa Muguga hapo Kenya kwenye shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, 1958 akaandika kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa vijidudu vinalipuka kazi, vinaozesha haraka haraka na naitrojeni nyingi inatoka kwa mpigo, na kadiri ulivyokaa mkavu muda mrefu ndivyo mpigo unavyokuwa mkubwa. Dunia nzima leo inaita hiyo hali kwa jina lake. Wazee wetu wanaosema panda na mvua ya kwanza kabla nguvu ya ardhi haijaondoka, ndio hiyo. Nadhani ndio sababu mkongo niliopanda upya kwenye udongo wa rundo ulitoka na majani ya kijani cha kiburi, wakati ule wa kwanza kwenye udongo mkavu mbegu zilikaa wiki tatu nikifukua nakuta iko vile vile, haijavimba, kikofia chekundu kinanitazama.

Sasa mrejesho kuhusu jamaa mwenyewe. Bidhaa yenyewe, ukiipa muda, ni nzuri kuliko udongo wowote niliowahi kutumia, tofauti inaonekana kwa macho. Bei iko sawa kwa ujazo ule. Usafirishaji safi. Huduma baada ya mauzo sijawahi kuona kwa muuza udongo, alikuja mwenyewe, hakubisha sana, akaniongezea viroba vitano bure, vya kule karibu na mbuga. Nyota mbili nimekata hivi, moja ni ya kuhifadhi, huwezi kuanika kitu chenye uhai juani miezi mitatu pembeni ya mabati alafu ukaniuzia kama kitu kibichi, na moja ni ya kuchanganya udongo wa motoni na usio wa motoni bila kusema, kwa sababu kama angeniambia tu hivi tisa vimetoka palipochomwa ningevitenga, nisingeua miche themanini na mbegu za watu. Hajui, sawa, ila sasa anajua.

Na kuhusu kutoa udongo msituni, najua kuna mtu atauliza na yuko sahihi. Mimi nilimuuliza kwa sababu kama ni hifadhi kuna taratibu zake za vibali na mimi sitaki kesi ya ndoo ya udongo, huyu anachota kwenye shamba ambalo miombo yake imeshafyekwa tayari, udongo wa juu ule ungelimwa uchakae baada ya misimu michache ya tumbaku. Lakini akianza kuchota chini ya miti iliyosimama mi siongezi oda. Kwanza huhitaji viroba 40, nimegundua ukiwa na rundo lako lenye unyevu kivulini unaweka udongo wa msitu kidogo tu kama unavyoweka hamira, vijidudu wanasambaa wenyewe.

Kwa mtakaonunua kabla ya mvua, yaani Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, njooni na bomba la sindano mfukoni, omba afungue kiroba katikati sio juu, sawazisha konzi moja kwenye kitu kikavu, dondosha, hesabu. Likipita dakika moja nunua tu kama una wiki tano za kusubiri na mtu wa kugeuza, vinginevyo mwambie akupe wa mbugani.

Nilimshauri pia kwamba awe anauza ukiwa na unyevu kidogo, autunze kivulini, anyunyizie mara moja kwa wiki, afunge viroba. Akakubali, akafanya. Juzi kanitumia meseji ya sauti analalamika, "Dada ushauri wako umenitia hasara, nauza umelowa wateja wanakinyanyua kiroba wanasema we kaka umetuongezea maji ili kiwe kizito, wanaenda kwa yule wa ng'ambo anayeuza mkavu kama unga." Nimemwambia aweke sahani na bomba la sindano pale mezani, ya kwake na ya yule wa ng'ambo, adondoshe tone kila upande alafu anyamaze.